Mwanya wa Vidole Vinne

Onesmus Wambua alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazi: hakuweza kupita mbele ya ufa akauacha wazi. Ukimkaribisha chai nyumbani kwako, kabla hajaketi macho yake yameshazunguka kuta zote nne, na kabla kikombe hakijaisha atakuuliza kama una simiti kidogo hapo nje. Alizaliwa Mbooni, Makueni, ambako mashamba yameshikiliwa kwenye vilima kwa kuta za mawe, na babake, Mzee Mulwa, ndiye aliyejenga nusu ya kuta hizo. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfundisha mwanawe mambo mawili tu: kwamba tundu ni aibu ya fundi, na kwamba kazi ikikwisha vizuri unabonyeza dole gumba kwenye simiti mbichi, mahali ambapo mwenye nyumba hataona, ili wewe mwenyewe ujue ulipita hapo.

Mambo hayo mawili aliyabeba hadi Saudia, na hayo hayo mawili ndiyo yaliyomtoa.

Alitua Jeddah Januari 2012, wakati maajenti wa Nairobi walipokuwa wakijaza ndege nzima nzima. Kulia kwake alikaa msichana wa Kakamega aliyekuwa akienda kulea watoto wasio wake, kushoto jamaa wa Kitui aliyeandikwa dereva ilhali gari alilijua kwa kulipanda tu. Onesmus alikuwa mwashi kweli, mwenye mwiko wake mwenyewe ndani ya begi. Uwanjani walimwambia aweke vidole kwenye mashine. Vidole vinane vilikubali, madole gumba yakakataa. Ofisa aliyapangusa kwa karatasi, akayakandamiza, akayapuliza, wapi. Simiti ya miaka kumi na mitano ilikuwa imekula mistari yote. Wenzake kwenye foleni walicheka wakasema huyu hata akiiba benki hashikwi, na yeye akacheka nao.

Miaka miwili alikaa Al-Baghdadiyah, chumba kimoja watu wanane, akipiga lipu maduka na kubandika vigae kwenye vyoo vya watu. Ijumaa alitembea peke yake hadi kwenye mji wa kale kutazama zile nyumba ndefu za mawe ya matumbawe, zimeegemeana, mbao za madirisha zimelegea. Alikuwa akisimama chini ya ukuta mmoja mpaka shingo imuume, akihesabu nyufa. Hakutamani kitu kingine katika nchi ile. Alimwambia mkewe, Maryann, kwa simu, kwamba akipewa nyumba moja tu ya zile aitengeneze, basi hata akirudi kesho hatajuta.

Kafili wake, yaani mdhamini aliyeshika karatasi zake, alikuwa mkandarasi, jina lake Abu Nawaf, mtu mrefu mwenye sauti ya chini ambayo ilitisha kuliko kelele. Aliipenda kazi ya Onesmus. Dole gumba lake hakulipenda. Aliliona siku moja chini ya dirisha la duka, bonyeo lenye kovu katikati, kwa sababu nyundo iliwahi kumpasua Onesmus ukucha na nyama yake ikafunga vibaya. Akauliza hii ni alama ya mnyama gani, akamfanya aifute mbele ya wafanyakazi wote. Tangu siku hiyo Onesmus alizidi kulificha, lakini hakuacha kuliweka.

Mwisho wa 2013 Abu Nawaf alipata kazi mbili kwa mpigo. Ya pili ilikuwa ile ile ya ndoto za Onesmus, nyumba tatu za mji wa kale Jeddah. Ya kwanza ilikuwa Riyadh: kukarabati mnara wa kuangalia jua uliojengwa na chuo kimoja miaka ya sabini, ukatumika miaka kumi na mitano, kisha ukaachiwa njiwa. Ahadi ilikuwa wazi. Mnara ukipokelewa salama na kamati ya chuo, ikama ya Onesmus, kibali chake cha kukaa, itakatwa upya na Jeddah atakwenda kama msimamizi wa waashi. Ukikataliwa, mwenye kosa atapanda ndege. Abu Nawaf aliisema hivyo hivyo mbele ya watu wote, akapangusa miwani yake.

Kwa hiyo Onesmus akahamia Al-Shumaisi, chumba kingine, watu kumi na mmoja, na kila asubuhi basi la kampuni likawapeleka mnarani.

Kwa nje haukuwa na maajabu. Mrija wa zege, mweupe pepepe, urefu wa mita ishirini na mbili, na kuba la bati kichwani linalofunguka katikati. Ukiingia ndani ndipo unashangaa, kwa maana unakuta mnara mwingine. Mrija wa pili, mwembamba, umesimama katikati ya ule wa kwanza kuanzia chini hadi juu. Ngazi inazunguka huku imejishikiza ukuta wa nje tu. Chini kuna chumba chenye giza, meza nyeupe, na chini ya meza shimo la mita tisa lililochimbwa kwenye mwamba. Onesmus aliuzunguka akauona umejengwa vizuri mno, isipokuwa dosari moja. Kule juu kabisa, pale sakafu ya kuba inapokutana na mrija wa ndani, palikuwa na mwanya wa vidole vinne, mviringo mzima. Ngozi iliyokuwa imeufunika ilikuwa imeoza. Upepo ulipiga mluzi pale, na njiwa walitagia humo.

Mtu aliyejua mwanya ule ulikuwa wa nini alikuwa Mzee Haroub, Mzanzibari wa miaka hamsini na kitu, fundi wa vioo na mitambo. Abu Nawaf alimwajiri kwa mkataba kuufufua mtambo wa jua. Lakini Januari hiyo Haroub alikuwa Jeddah, anakingoja bandarini kioo kikubwa kilichopelekwa nje kupakwa upya, na forodha walimweka wiki tatu. Katika wiki hizo tatu ndipo Abu Nawaf alipopanda juu, akaona vinyesi vya njiwa, akakunja pua na kusema zibeni nyufa zote, sitaki kuona tundu, halas, basi.

Unadhani mtu kama Onesmus anaambiwa hivyo mara mbili? Alisafisha mwanya ule kwa brashi. Alishindilia kokoto kwa kina cha dhiraa moja, akamimina simiti kali, akaisawazisha kwa mwiko mpaka ikawa laini kama chapati. Mzunguko mzima ulimchukua siku tatu. Mwishoni, upande wa kaskazini, akabonyeza dole gumba. Wiki iliyofuata mafundi wa sakafu walitandaza mpira mweusi juu yake, kama ramani ilivyotaka, na kazi yote ya Onesmus ikafunikwa.

Haroub aliporudi na kioo chake aliuliza kama mpira umewekwa. Akaambiwa umewekwa. Akaukanyaga, akaridhika, akaendelea na kazi yake.

Urafiki wao ulianzia kwenye chai. Haroub alikuwa na mkewe pale Riyadh, Zeinab, aliyemfuata baada ya kuishi mbalimbali miaka sita, na wote wawili walipanga vyumba viwili juu ya duka la vitambaa Al-Sulimaniyah. Zeinab alisikia kuna Mkenya anayekula mkate mkavu na soda kila mchana. Kuanzia hapo chakula cha mumewe kikawa kinakuja na bakuli la pili lenye kifuniko cha kijani, lililoandikwa kwa kalamu: la fundi. Humo alikuta kachori, katlesi, mara mkate wa kumimina. Onesmus alikuwa akilirudisha limeoshwa na kukaushwa, akituma salamu kwa mwanamke ambaye hajawahi kumwona.

Machi ilipofika, kioo kilikuwa kimefungwa na kuba likafunguliwa. Haroub alimwita Onesmus chumba cha chini aone. Juu kule kioo kimoja kinalifuata jua siku nzima, kinaurusha mwanga kwenye kioo cha pili, na cha pili kinautuma moja kwa moja chini ndani ya mrija. Pale mezani palikuwa na jua lenyewe, duara la upana wa sahani ya wali, jeupe, na juu yake madoa meusi kama pilipili manga. Haroub alisema zamani, kila asubuhi saa mbili, mtu aliweka karatasi hapo akayachora madoa hayo kwa penseli, siku baada ya siku, ndipo watu wakajua yanaongezeka na kupungua kwa takriban miaka kumi na moja. Mwaka ule yalikuwa mengi. Mwanga ukipitishwa kwenye upenyo mwembamba hadi shimoni, ambako joto halibadiliki, unachambuliwa ukawa rangi zenye mistari myembamba myeusi. Mistari ile inasema jua limeumbwa kwa nini. Juu ya doa, mstari mmoja unagawanyika mara mbili au tatu, na hapo unajua doa lina sumaku kali. Onesmus alisikiliza kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa kwenye meza.

Jua lilikuwa linatetemeka.

Upepo ukivuma nje, jua linatikisika. Mtu akipanda ngazi, linatikisika kwa kila hatua. Haroub alichora doa moja, penseli ikatoka nje ya mstari, akafuta karatasi hadi ikatoboka. Kule shimoni mistari ilikuwa ukungu mtupu.

Siku sita Haroub alifungua mtambo wake. Alitoa kila gurudumu la meno, akaliosha kwa mafuta ya taa, akalirudisha. Aliacha kula. Abu Nawaf alikuja mara mbili kutazama, na mara ya pili hakusalimia. Kamati ilikuwa inakuja Jumatano saa mbili asubuhi.

Jumanne asubuhi Onesmus alishuka kwa Haroub kunywa chai kama kawaida yao, akamkuta ameketi mbele ya jua linalotetemeka, mikono mapajani. Alimhurumia kwa dhati. Akamuuliza kama kosa haliwezi kuwa la mnara wenyewe, labda umeinama, kwa vile yeye kuta anazijua, angeweza kupima.

Haroub akatabasamu kwa uchovu. Alichukua kopo tupu la maziwa ya unga, akatia glasi yake ya chai ndani, katikati, isiguse popote. Akalisukuma kopo ubavuni kwa kidole. Kopo lilicheza, chai haikutikisika hata kidogo.

"Walioujenga walikuwa na akili," alisema. "Wa nje unapokea upepo, unapokea jua kali, unapokea miguu yetu kwenye ngazi. Wa ndani umebeba vioo tu. Haigusani, bwana fundi, toka msingi hadi juu, huu una msingi wake na ule una wake. Ule uwazi wa vidole vinne ndiyo mnara wenyewe."

Kisha akamega kipande cha mkate, akakipachika kati ya glasi na kopo. Akasukuma tena, na chai ikamwagika mezani.

"Lakini hapo kati hapana kitu," alisema akiipangusa. "Kwa hivyo kosa si la mnara. Ni langu miye."

Onesmus alikitazama kile kipande cha mkate. Alisema ndiyo, pole, mzee. Akanywa chai aliyomiminiwa na Haroub, akaaga na kutoka juani.

Nisimpambe. Hadi karibu adhuhuri mtu huyu hakufanya lolote. Alichanganya simiti ambayo haikuhitajika, akaimwaga. Alijiambia aliambiwa azibe, na kweli aliambiwa. Alijiambia labda si hiyo simiti, labda ni gurudumu kweli. Aliiona ikama yake, iliyobakiza siku kumi na tisa. Aliziona nyumba tatu za matumbawe Jeddah. Alimpigia Maryann, na mkewe alimweleza kuhusu paa la jikoni na mtoto aliyeng'oka jino, naye akajibu ehe, ehe, hata Maryann akauliza kama anaumwa.

Saa nne ya asubuhi Abu Nawaf alifika na karatasi. Hakupandisha sauti. Alimwambia Haroub ajitayarishe: kesho kamati ikiona jua linacheza, alete pasi yake ofisini siku hiyo hiyo kwa ajili ya huruji, hati ya kuondoka nchini, yake na ya mkewe. Haroub aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Nyuma yake tu likaja gari la chakula, na bakuli la kifuniko cha kijani. Onesmus alilifungua. Zeinab alikuwa amempikia biriani, kipande cha nyama kikubwa kuliko cha mumewe. Alilifunga tena bila kugusa.

Ndipo akapata wazo, na ni wazo la mwoga, lakini lilikuwa bora kuliko kukaa. Angeing'oa simiti kimyakimya. Adhana ya adhuhuri ikiita, Haroub ataenda msikitini kama kawaida, mnara utabaki mtupu. Atainua mpira, atatoboa, atarudisha. Jua litatulia lenyewe, Haroub atadhani ni gurudumu, na hakuna atakayeulizwa kitu.

Adhana ilipoita alipanda na tindo na nyundo. Aliinua mpira upande wa kusini, akaiona kazi yake, safi, bila ufa. Akapiga. Akapiga tena. Kipande kama ukucha kiliruka. Alikuwa amefika pigo la kumi au la kumi na mbili alipozisikia hatua za miguu kwenye ngazi, zinakuja mbio, kisha polepole, kisha mtu anahema.

Haroub hakwenda msikitini siku hiyo. Alikuwa amesali pale chini, kando ya meza, kwa sababu hakuwa na moyo wa kuliacha jua.

"Linaruka," alisema alipofika juu. Alikuwa hana pumzi. "Kila ukipiga, jua linaruka. Sielewi nini hiki."

Kisha akaona mpira ulioinuliwa. Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya simiti, taratibu, akazunguka nayo mpaka mkono ukagota chini ya mpira. Onesmus alitamani atukanwe. Haroub aliketi kwenye kidato cha juu cha ngazi.

"Siku sita," alisema. "Siku sita nnajilaumu."

"Niliambiwa nizibe kila kitu, mzee. Nikaziba."

"Na asubuhi nilipokuonesha ile glasi. Ulijua?"

Onesmus alitazama tindo mkononi mwake. "Nilijua."

"Ukanywa chai yangu."

Hilo ndilo linalomuuma Onesmus hadi leo. Alisema tu kwamba ile simiti ataitoa. Haroub akauliza itatoka yote kabla ya kesho saa mbili? Onesmus akajibu kweli tupu: aliitengeneza ikae miaka mia.

Ilikuwa haitaki nguvu, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mashine ya kuvunjia ingetoa simiti ile kwa nusu saa, na ingeutia ufa mrija wa ndani au kukitoa kioo mahali pake, na kukirekebisha ni wiki nzima. Ilibidi iliwe kidogo kidogo, kwa tindo nyembamba na mapigo ya mkono. Haroub alishuka mezani. Alizungushia jua mstari wa penseli, akampigia Onesmus simu, na simu ikaachwa wazi juu ya sakafu. Jua likiruka ndani ya mstari, endelea. Likivuka, acha.

"Endelea," ilisema simu. "Endelea. Acha. Punguza. Endelea."

Haikusema neno lingine mpaka saa kumi na mbili jioni, mlinzi alipokuja kufunga geti. Onesmus alikuwa amemaliza robo tatu ya mzunguko. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu, na kwenye basi la kurudi Al-Shumaisi alilala akiwa ameshika upau.

Jumatano geti lilipofunguliwa baada ya alfajiri walikuwa wote wawili hapo. Na upepo ulikuwepo. Ule upepo wa Machi wa Riyadh, mwekundu, unaokwangua uso. Kuba lilipofunguliwa lilianza kugonga. Jua lilipopanda, Haroub alisema kwenye simu kwamba haoni kitu, linaruka lenyewe bila hata nyundo, hajui tena pigo ni lipi na upepo ni upi. Onesmus aliendelea bila kuongozwa. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya mrija wa ndani, akawa anapiga kwa kulia na kusikiliza kwa kushoto, kama babake alivyokuwa akisikiliza jiwe kabla ya kulipasua.

Ilipofika saa moja kilibaki kipande kimoja cha kaskazini, kirefu kama mkate wa boflo. Huko ndiko lilikokuwa dole gumba. Alitoboa pande zote mbili, akapitisha waya, akausugua mbele na nyuma hadi ukamkata kiganja. Kipande kililegea. Akakitoa kwa mikono miwili, akakiweka kando. Kisha akaingiza vidole vinne kwenye mwanya akauzunguka wote, akitambaa kwa magoti. Havikukwama popote. Hewa baridi ya chini ilimpanda usoni.

Kuba lilikuwa linagonga kama mlango wa duka. Alingoja.

"Limetulia," ilisema simu.

Onesmus alirudisha mpira, akafagia, akashuka. Mezani jua lilikuwa limekaa kama limechorwa, na kila doa lilikuwa na ukingo. Haroub alikuwa ameshaweka karatasi, anachora, na penseli haitoki nje ya mstari. Bila kuinua macho alisema wasiongeze maneno. Yeye atasema ni skurubu iliyolegea, ameikaza. "Nenda zako Jeddah, fundi. Nshasamehe."

Abu Nawaf alifika robo saa kabla ya kamati. Alitazama jua, akatazama karatasi, uso ukamlegea kidogo. Akauliza lilikuwa nini. Haroub akasema skurubu ya mtambo.

"Basi kosa lilikuwa la mtambo wako," alisema Abu Nawaf. Alikuwa na sauti yake ile ya chini. "Wiki nzima umelichezea jina langu kwa skurubu. Waoneshe wageni, kisha uniletee pasi. Halas."

Haroub alimtazama Onesmus, mara moja tu. Kisha akarudi kwenye karatasi yake.

Onesmus alikuwa mlangoni, mweupe kwa vumbi hadi kope, na kile kipande cha simiti kwapani ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa anakwenda kukitupa. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Basi la Jeddah lilikuwa linaondoka Alhamisi, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Alisikia magari yakiingia uani.

Alitembea hadi mezani, akakitoa kile kipande kwenye mfuko, akakiweka pembeni mwa karatasi, bonyeo limetazama juu, na kovu katikati yake.

Abu Nawaf alilitazama. Hakuuliza safari hii kama ni la mnyama.

"Hiki kilikuwa kati ya minara miwili," alisema Onesmus kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Wewe ulisema ziba. Mkono ulioziba ni wangu. Mtambo wake mafi mushkila, hauna kosa, tangu siku ya kwanza."

Nje milango ya magari ilifungwa, mmoja baada ya mwingine. Abu Nawaf alikigeuza kipande kile kifudifudi kwa kidole kimoja, akatengeneza shemagi, kile kitambaa chake cha kichwani, akatoka kwenda kuwapokea wageni kwa tabasamu.

Kamati iliupokea mnara. Walimsifu Haroub, wakapiga picha na jua. Haroub alibaki na mkataba wake, na Zeinab na vyumba vyake viwili juu ya duka la vitambaa. Onesmus alipewa huruji ndani ya wiki moja. Kinywa kilichosema zibeni nyufa zote hakikuulizwa pasi na mtu yeyote, na mimi nalisema hili kwa hasira, kwa sababu yeye mwenyewe akilisimulia hana hasira hata kidogo, utadhani anaeleza habari za mvua.

Walimrudisha kwa njia ile ile aliyojia, kupitia Jeddah. Gari la kampuni lilipita pembeni ya mji wa kale mchana kweupe, na akaziona zile nyumba juu ya paa za maduka. Hakuhesabu nyufa. Mapajani alikuwa na bakuli la kifuniko cha kijani, ambalo safari hii Zeinab alituma neno kwamba lisirudishwe. Uwanjani, kabla ya foleni, simu ililia: picha kutoka kwa Haroub. Ilikuwa karatasi ya asubuhi hiyo, duara la penseli na madoa kumi na saba, tarehe na saa. Feni ya chumba kile ilikuwa na tabia ya kupeperusha karatasi. Kwenye pembe ya juu, kuizuia, kilikaa kipande cha simiti chenye bonyeo.

Kwenye dirisha la pasi walimwambia aweke vidole. Vinane vilikubali. Ofisa alilipangusa dole gumba lake kwa karatasi, akalikandamiza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatikisa kichwa, akamwambia huna alama.

Onesmus akamjibu kwamba anayo, ila ameiacha Riyadh.